Sura ya Tisa: Cha Juu cha Harithi

Mapenzi yangu na Harithi yaliingia inzi Alhamisi mchana, siku moja kabla ya wazee wake kuja kunichumbia. Kama hujawahi kumpenda mtu asubuhi na kutaka kumtapika jioni, huenda usinielewe, lakini nitasimulia hivyohivyo.

Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta yangu kwenye intaneti kafe ya Kefa, Barabara ya Sita, pale Dodoma mjini. Ilikuwa mwaka 2004, na mafundi wa kutengeneza tovuti mjini kwetu walikuwa wa kuhesabika. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mwanamke peke yangu. Nilikodi kwa Kefa meza ya pembeni, karibu na dirisha, nikawa nawatengenezea watu maduka madogo ya kwenye intaneti. Watalii waliokuja kuona michoro ya mapangoni Kolo, kwetu Kondoa, walikuwa wakirudi kwao na kutamani vikapu, asali na zeze walivyoviona huku, basi wanafungua tovuti, wanaona picha, wanaagiza kwa barua pepe.

Bei ya duka kama hilo nilijua kuipanga, ila sikujua kuitamka. Kwanza unahesabu bidhaa, maana kila bidhaa inataka picha yake na maneno yake, na kapu ukilipiga picha vibaya linafanana na kiota. Halafu kuna jina la tovuti, linalolipiwa nje ya nchi kila mwaka, na hapo lazima umbembeleze mtu mwenye kadi ya benki inayokubalika huko. Halafu kuna marekebisho, maana mteja hukumbuka anachotaka baada ya wewe kumaliza. Mwisho kuna kazi ya kichwa na mikono yako. Hapo ndipo nilipokuwa nachemsha. Nikifika hapo naona aibu, mteja akikunja uso kidogo tu nashusha mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Bi Batuli, mmoja wa wateja alioniletea Harithi, aliingia na kapu kubwa la ukili, akaliweka juu ya meza yangu kwa kishindo.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba. Nina vikapu vipya sita vya rangi, nataka viingie dukani kwangu. Harithi ananiambia kila kikapu kipya kina hela yake. Nikasema nije nikuone mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Laki tano nzima nimekupa, mwanangu. Hata vikapu sita unidai tena?"

Nilidhani mama wa watu amechanganya mambo.

"Laki tano gani, bibi?"

"Usinifanye mtoto mdogo, Shamimu. Laki tano niliyompa Harithi akuletee. Nilimtuma akuombe upunguze, akarudi ananiambia umekataa. Eti umesema asiye na laki tano abaki na ukili wake. Nikauza herini za dhahabu alizoniachia mama yangu. Sikulaumu, kazi ni yako. Lakini una roho ngumu, na umri wako huo mdogo."

Nilimtazama masikio. Matundu yalikuwa wazi, kayaziba kwa vijiti vya ufagio yasije yakafunga.

Sasa sikilizeni alivyoniambia mimi huyo Harithi. Aliniambia Bi Batuli ni mjane, hana hata nauli ya kwenda sokoni, nimfanyie duka lake kwa ajili ya Mungu. Alinipa hela ya kulipia jina la tovuti tu, akanibusu kidole kimoja baada ya kingine, akasema vidole hivi vitaingia peponi kabla ya mwenyewe. Nami nikacheka kama chizi, nikafanya kazi majuma matatu.

"Viache vikapu, bibi," nilisema. "Nitavipiga picha kesho kutwa. Hudaiwi kitu."

"Kweli?"

"Kweli."

Nilitaka kumwambia yote, ulimi ukagoma. Ningemwambiaje kwamba kesho yake nachumbiwa na mtu aliyemla herini? Aliondoka akinitazama kwa mashaka, kama vile bure yangu nayo ina mtego ndani.

Harithi alikuja alasiri, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi kifurushi cha khanga mpya na udi. Ni mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara, babu zake walifika hapa na misafara wakabaki, na tangu wakati huo hakuna kitu kilichopita mikononi mwao bila kuongezeka bei. Hilo nilikuwa nikilichekea. Na macho yake jamani! Macho yale yalinilaza na kuniamsha mwaka mzima. Akikutazama unahisi wewe ndiye bidhaa pekee iliyobaki duniani.

Nilimvuta hadi uani, kwenye jenereta, ambako wateja wa Kefa wasingetusikia.

"Mpenzi, mbona uso umekunja? Umeme umekatika tena?"

"Bi Batuli alikuja."

"Anataka vikapu vyake viingizwe?"

"Alikuja kuniambia nimemla laki tano."

"Shamimu, nisikilize."

"Na Mzee Matonya? Yale mazeze na marimba yake niliyoyaandikia maelezo mpaka macho yakavimba, yeye ulimtajia ngapi?"

"Nisikilize kwanza, mama."

"Ngapi, Harithi?"

"Tano."

"Na Raheli wa asali?"

"Nne na nusu. Raheli alinikazia sana."

Alilisema hilo kwa masikitiko, kana kwamba Raheli ndiye aliyemkosea. Watu watatu wote hao aliniambia ni maskini wa Mungu. Watu watatu wote hao niliwafanyia bure.

"Wewe ni mwizi," nilisema.

"Cha juu si wizi." Alisema taratibu, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Mwenye mali ana bei yake, anayeuza anaweka cha juu chake, mnunuzi akiridhika wote wamekula. Kosa liko wapi? Mtaa mzima unaishi hivyo. Sisi baba ametusomesha kwa cha juu."

"Cha juu huwekwa juu ya kitu. Mimi huku chini ulinipa nini?"

"Ungejua kutaja bei, nisingefika huko! Yule dada wa saluni ulimtajia laki moja na nusu. Akakohoa. Ukashuka mpaka elfu themanini. Alikohoa tu, Shamimu! Alikuwa na mafua!"

Lilinichoma hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Laki tano sikuwahi kuitamka mbele ya mtu maishani mwangu, naye kaitamka mara mbili na ikalipwa. Kumbe kazi yangu ilikuwa na thamani hiyo, na wa kwanza kuijua alikuwa mtu aliyenificha.

"Kwa nini uliwaambia mimi ndiye niliyekataa kupunguza?"

"Ilibidi. Anayeuza mali ya mwingine hasemi bei ni yake. Lazima nyuma yake kuwe na mwenyewe, mtu mgumu. Mteja akilia, unalia naye, unasema ningekuwa mimi ningekupunguzia, ila mwenyewe hataki. Ndivyo biashara inavyokwenda."

"Kwa hiyo ulikaa na Bi Batuli ukalia naye."

"Kwa maneno tu."

"Ukamwambia Shamimu ana roho ngumu."

"Kwa maneno tu, mpenzi. Moyoni mwangu unajua ulivyo."

Nilimtazama mtu huyu niliyemwombea dua kila swala. Shati lake lilikuwa safi mno. Nilitamani angekuwa mchafu, anuke pombe, awe na mwanamke mwingine, nijue moja.

"Hela ziko wapi?"

Hapo alitabasamu. Alitabasamu kwa raha kabisa, kama mtu aliyengoja swali hilo kwa hamu.

"Zipo zote. Sijala hata mia. Ni mahari yako, Shamimu. Kesho wazee wanakuja nazo."

Wasomaji wangu, nilipata kichefuchefu cha kweli, si cha kwenye vitabu. Nilikimbilia bombani, nikainama, nikatema wali wa mchana. Harithi alikuja nyuma yangu akanishika mabega, akanifungulia maji, akaninawisha uso kwa kiganja chake. Mkono wake ulinukia udi. Na nilimwacha aninawishe! Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba mwili ulikuwa bado haujaambiwa.

"Mama alisema binti wa Kondoa atatosheka na msahafu na kitanda," alininong'oneza. "Mimi nikasema la. Shamimu atatajiwa milioni mbele ya watu. Shangazi yako atembee kifua mbele. Yote haya nimeyafanya kwa ajili yako."

"Unanioa kwa hela yangu."

"Kwa hela yetu. Kazi ni yako, mdomo ni wangu."

"Herini za Bi Batuli nazo ni zetu?"

"Atanunua nyingine. Vikapu vyake vinatoka, juzi tu ameagiziwa ishirini."

Niliutoa mkono wake begani mwangu.

"Nenda kawaambie."

"Kina nani?"

"Hao watatu. Waambie sikuwahi kuwatajia bei. Waambie ulichosema juu yangu ni uongo."

Kwa mara ya kwanza macho yale yalinikwepa. Akatazama jenereta.

"Shamimu, mimi nafanya kazi na hao watu. Neno likitoka kwamba Harithi anaweka cha juu kwa jina la mtu mwingine, kesho nani atanituma kitu? Tukishaoana, nitatafuta namna ya kuwaeleza. Taratibu."

Aliweka kifurushi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaondoka kwa adabu, akamuaga na Kefa kwa jina. Nilibaki uani nikinusa moshi wa mafuta, na bado ulinukia vizuri kuliko ule udi.

Kesho yake, Ijumaa, Shangazi Mwamvua alikuwa jikoni tangu alfajiri akikaanga sambusa. Yeye ndiye aliyenilea hapa mjini. Nilimweleza yote, nikitegemea atalitupa karai. Hakulitupa.

"Kaiba?"

"Kaiba, shangazi."

"Kaiba kwako, kakuletea wewe." Aligeuza sambusa. "Mwanangu, wenzako wanaibiwa vinapelekwa kwa mwingine."

"Shangazi!"

"Nakwambia ninachokijua. Marehemu mume wangu aliuza cherehani yangu, akampelekea mwanamke wa Mpwapwa. Kama angeiuza akaniletea hela zikaitwa mahari yangu, ningemwombea mpaka leo. Una miaka ishirini na minane, Shamimu. Kuna mtu mwingine mlangoni?"

Hapakuwa na mtu. Alijua, na mimi nilijua. Sikuwa na wivu na mtu wala shida ya kula, lakini nilimtaka Harithi. Nilitaka kuamka nimwone. Nilitaka watoto wenye macho yale. Nilikaa juu ya kigoda nikakunja sambusa zilizobaki, na kila moja niliikunja kwa hasira mpaka shangazi akaninyang'anya unga.

Walikuja baada ya swala ya Ijumaa. Walikuwa wazee watatu, wakiongozwa na Mzee Hamidu, baba mkubwa wa Harithi, mwenye duka la vitambaa, mtu mnene mwenye sauti laini. Kwa desturi mwenyewe anayetaka kuoa haingii kwenye kikao, kwa hiyo Harithi alibaki nje ndani ya pikapu yao. Upande wetu alikuwepo Baba mdogo Khamisi, aliyetoka Kolo kwa basi la asubuhi na koti lake la sherehe. Mimi nilikuwa chumbani, mlango umerudishwa kidogo, na shangazi ndiye wa kwenda na kurudi kati yangu na wao.

Nilisikia salamu. Nilisikia barua ya posa ikitolewa ndani ya leso nyeupe, ikafunguliwa, ikasomwa. Kisha Mzee Hamidu akakohoa.

"Sisi hatukuja mikono mitupu. Kijana amejibidiisha. Tuna milioni moja na laki nne na nusu, taslimu."

"Mashaallah," alisema Baba mdogo. Kisha akauliza, maana ni mtu wa shamba na hapendi hesabu yenye mkia, "Hiyo nusu ni ya nini?"

Mzee Hamidu hakujua. Mimi nilijua. Ni ya Raheli, alikaza sana.

"Hata hivyo," Baba mdogo aliendelea, "mahari ni haki ya binti. Anataja mwenyewe. Dada, hebu kamuulize."

Shangazi aliingia chumbani, macho yananibembeleza. "Sema umeridhika, mwanangu. Neno moja tu."

Nilisimama, nikajitanda khanga yangu kuukuu, nikampita. Nilisikia akisema "Shamimu!" kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa nimeshafika sebuleni. Wazee walishtuka. Mwali hajitokezi kwenye kikao kama hicho, na sasa huyu hapa amesimama mbele ya sinia ya sambusa.

"Shikamooni. Naomba radhi kwa kuwaingilia. Naomba Harithi aitwe."

"Binti, haiko hivyo," alisema Mzee Hamidu.

"Akiitwa, nitataja mahari. Asipoitwa, sina la kutaja."

Baba mdogo alinitazama sana. Yeye ananijua tangu natambaa. "Mwiteni," alisema.

Harithi aliingia na kanzu nyeupe, akakaa mkekani karibu na baba yake mkubwa. Aliinua macho kwangu, na moyo wangu, kwa upumbavu wake, ukaruka vilevile kama siku ya kwanza.

"Hizo fedha," nilisema, "ni ujira wa kazi yangu. Anajua aliyezileta. Nitazichukua kama ujira, na waliozidishiwa nitawarudishia mwenyewe. Mahari bado sijataja."

"Ujira gani tena?" alisema Mzee Hamidu.

"Harithi atawaeleza akipenda. Mahari yangu haina hata senti moja. Nataka Harithi aende kwa Bi Batuli, kwa Mzee Matonya na kwa Raheli. Awaambie kwa kinywa chake kwamba mimi sikuwahi kuwatajia bei, na kwamba maneno aliyowapa kwa jina langu aliyatunga yeye. Basi. Akifanya hivyo, hata leo jioni mtuozeshe."

Shangazi alivuta pumzi mlangoni. Mzee mmoja wa upande wao akasema, "Mahari nyepesi hiyo, sijapata kuisikia."

Lakini Mzee Hamidu hakuona wepesi wowote. Ni mfanyabiashara, alielewa mara moja kinachonunuliwa hapo ni nini. Alimtazama mtoto wa ndugu yake, akanitazama mimi, akasogea mbele mkekani na kuilainisha zaidi ile sauti.

"Mwanangu, umesema vizuri. Lakini watu watatu ni wengi. Hii ni aibu ya nyumba, si ya kijana tu. Punguza. Chukua mmoja. Chukua Matonya, yule hana maneno mengi."

Niliona vibaya hata kwa niaba yake. Nilimtazama Harithi. Ndiye niliyekuja kumsikia. Kama angesema nitakwenda, hata kwa sauti iliyokatika, hata huku analia, ningefunga mdomo wangu na kumpenda mpaka nizeeke. Nilimwomba kwa macho aseme. Naamini aliona, kwa sababu uso wake ulilainika, akanitazama kwa mapenzi yake yote, na sina shaka hata leo kwamba yalikuwa ya kweli.

"Wawili," alisema.

"Nini?"

"Nitakwenda kwa wawili, Shamimu. Mzee Matonya na Raheli. Bi Batuli tumuache, yule atapiga kelele mtaa mzima." Akatabasamu, akafungua viganja vyake mbele yangu kama mtu aliyefikia bei yake ya mwisho na anajua ni nzuri. "Wawili, na nakuongezea herini. Nitamnunulia Bi Batuli herini nyingine, hata hatajua zimetoka kwa nani."

Mzee Hamidu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliona kijana kajitahidi.

Niliinama, nikaitoa ile barua kwenye leso, nikaiweka mkononi mwa baba mdogo.

"Warudishie," nilisema, "na uwaambie hatukuelewana."